Bibi Ameingia Majini na Kamera

Jumapili, 3 Agosti

Mume wangu mpenzi,

Pokea salamu za mke wako wa kwanza, yule uliyemkuta duniani akikusubiri. Hujambo? Kidole ulichokichoma kwa pasi ya kulehemu kimeanza kupona? Mimi sijambo. Magoti yananung'unika, lakini yalianza kunung'unika kabla hujazaliwa na hakuna aliyewahi kuyasikiliza.

Nimefika salama. Nyumba ya wageni ni ndogo, safi, na ina ngazi tatu tu za kushuka mchangani. Chumba changu kina kitanda, meza, na feni inayotikisa kichwa kama mzee asiyekubaliana na jambo. Nikifungua dirisha, bahari inaingia na kelele zake zote.

Simu yangu unaijua, herufi zake ni za siafu. Kwa hiyo nimepatana na dada wa mapokezi: mimi naandika kwa mkono, yeye anaipiga picha barua na kukutumia kwa simu yake. Majibu yako atayachapisha kwa mashine ya ofisini, kwa herufi kubwa kama za bango. Ujue basi kwamba anasoma kila kitu. Anasema mume wa bibi ajitokeze tumwone.

Sasa nikuambie kilichonileta, maana baba yako anadhani nimekuja kupunga upepo. Wenzangu wa kiwanda cha chapa waliponiuliza wanipe zawadi gani ya kuagwa, walitegemea niseme saa ya ukutani. Nikasema nataka wiki mbili mahali penye matumbawe. Maisha yangu yote nimechora zile chati za samaki zinazoning'inia madarasani, na sijawahi kumwona samaki hata mmoja akiwa hai ndani ya maji yake. Nilikuwa naletewa wa kwenye barafu, macho yamekufa, rangi zimemkimbia, nami nabuni: huyu tumtie kijani, yule njano kidogo. Watoto wangapi wamefaulu mtihani kwa rangi za kichwani mwangu! Nataka niwaone na niwapige picha, kabla sijahamia kile chumba cha uani anachonitengenezea baba yako, ambako samaki nitamwona kwenye sahani.

Kamera yako iko mezani, kavu. Kesho naanza kufundishwa na binti mmoja ambaye hapa wote wanamwita Kamanda. Niambie nifanyeje ili maji yasiiguse.

Mkeo,
Bibi


Jumanne, 5 Agosti

Mke wangu, shikamoo,

Kidole kimepona, nimeshakichoma kingine. Huku nyumbani wote wazima. Mama anakusalimu, na mke mwenzako pia, ingawa amekasirika kwamba likizo umekwenda peke yako na mume umemwachia yeye amlishe.

Sasa nisikilize, na usicheke. Kile kisanduku cha plastiki ngumu chenye dirisha mbele ndicho koti la mvua la kamera. Bila hicho, haivumilii hata jasho la kiganja. Ukikifungua utaona mpira mwembamba mweusi umezunguka ukingo wake kama bangili. Bibi, uhai wote uko kwenye mpira huo. Chembe moja ya mchanga ikikaa pale, maji yameshapata mlango. Kila asubuhi utoe, ufute kwa kitambaa laini, upitishe kati ya vidole uone kama una mkwaruzo, upake mafuta ya kile kichupa kidogo. Kiasi cha kung'aa tu, si kama unampaka mtoto anayepelekwa kliniki.

Halafu, kabla kamera haijaingia majini, peleka kisanduku kitupu. Tia ndani karatasi ya chooni iliyo kavu, funga, kizamishe kwenye ndoo, kikandamize kwa jiwe, nenda kanywe chai. Ukirudi ukaikuta karatasi kavu, tunaendelea. Ukiikuta imelowa, tutamshukuru Mungu kwamba kilicholowa ni karatasi.

Kifunge chumbani penye ubaridi, usikifungie juani, la sivyo kioo kitashika ukungu kama dirisha la jikoni. Ndani yake weka kimoja cha vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya vimeandikwa "usile". Nimekuwekea kwenye soksi ya kijivu. Usile. Kamba yenye boya ivae mkononi, ili kamera ikikuponyoka ielee. Na ukitoka majini, nakuomba kwa jina la ndoa yetu, usifungue hapo hapo! Kiloweke kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, kikaushe, ujikaushe mikono na nywele, ndipo ufungue.

Nakusumbua hivi kwa sababu kamera hiyo niliipata ikiwa mfu na nikaifufua mwenyewe. Ndiyo iliyonifanya nikaitwa fundi.

Baba sijamwambia habari ya kuzamisha kichwa. Anaamini umekaa kwenye kiti, chini ya mwavuli. Chumba cha uani kimeshapakwa rangi ya maziwa na bafuni ameweka vyuma vya kushikilia. Tangu uanguke kule kwako mwaka jana, analala na simu mkononi. Mvumilie.

Mumeo,
Fundi


Alhamisi, 7 Agosti

Mume wangu mwenye wivu,

Marahaba. Barua yako dada wa mapokezi aliisoma kwa sauti, mpishi akiwepo. Wote wawili wakasema huyu bwana anaipenda kamera kuliko mke. Afya yangu hukuiuliza hata kwa koma! Basi nakujulisha kwamba niko mzima, nimekula, nimelala, na ngozi ya pua inabanduka.

Ndoo niliazima kwa mpishi. Jiwe halikupatikana, nikakandamiza kisanduku kwa chupa ya mafuta ya kula. Chai nilikunywa vikombe viwili kwa sababu ya wasiwasi. Nilipofungua, karatasi ilikuwa kavu kama ahadi ya mgombea. Mpishi alipiga makofi.

Kamera imefaulu. Mimi ndiye niliyefeli.

Kamanda ni binti mfupi, sauti yake kubwa, na ana filimbi shingoni. Alinivalisha koti la boya, miwani inayofunika mpaka pua, na lile bomba la kupumulia. Tukasimama maji yakiwa kiunoni.

"Bibi, pumua kwa mdomo."

"Mdomo wangu kazi yake ni kusema."

"Leo umepewa kazi nyingine."

Nikainama, nikavuta pumzi kwa pua kama nilivyozoea, miwani ikanibana uso, nikashtuka, nikafungua mdomo, bahari yote ikaingia. Nilikohoa mpaka watu wa ufukweni wakasimama. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikamwambia, "Mwanangu, nirudishe. Mwanangu wa kiume alisema kweli, mimi ni wa kwenye kiti."

Kamanda hakupiga filimbi. Alisogea akaweka kiganja chake chini ya tumbo langu, kama mtu anayepima uzito wa gunia. Akasema, "Tatizo lako unajibeba. Ukilala kitandani huwa unajibeba? Lala."

Nikalala. Nikaweka uso majini nikiwa nimefumba macho. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikienda na kurudi ndani ya bomba, kubwa, kama ya ng'ombe aliyelala. Nikafumbua. Unajua nilichokiona? Miguu ya Kamanda juu ya mchanga, na samaki mdogo kama kijiko cha chai akinusa kidole chake gumba. Yuko hai! Anageuka huku na huku, anawaka kama kitu kilichochomekwa kwenye umeme! Nilipiga kelele ndani ya bomba, na kwa ushahidi wa Kamanda nilisikika kama pikipiki isiyotaka kuwaka.

Kamera bado sijaishusha. Kwanza nijifunze kutokunywa chumvi.

Mkeo asiyejibeba tena,
Bibi


Jumamosi, 9 Agosti

Mke wangu, shikamoo,

U hali gani? Pua, magoti, masikio, koo, usingizi? Nimeuliza vyote, msije mkanisema tena huko mapokezi.

Barua yako niliisoma dukani, nikacheka hadi mteja akadhani naicheka kamera yake. Lakini mezani jana ulimi uliniteleza. Baba aliuliza, "Bibi yako anasemaje?" Nikajibu, "Anaendelea vizuri, jana maji yalimfika kiunoni tu." Baba akaweka kijiko chini. Akasema, "Kiunoni? Akiteleza huko, nani atamnyanyua?" Chakula hakukimaliza. Bibi, si ukali ule. Macho yalimlowa, akasingizia vitunguu.

Nenda polepole. Na ukishuka na kamera, jioni futa tena ule mpira.

Mumeo,
Fundi


Jumanne, 12 Agosti

Mume wangu, macho yangu,

Mzima? Mimi ni zaidi ya mzima, sijui neno lake. Nimemwona pono!

Unamkumbuka pono wa kwenye chati yangu, yule wa chini upande wa kushoto? Nilimtia rangi ya kahawia kwa miaka yote, kwa kuwa wa kwenye barafu alikuwa kama kiatu cha zamani. Wewe! Pono ni kijani kinachoingia kwenye buluu, na pembeni mwa mapezi amepigwa ukanda wa waridi, kwa mkono usiotetemeka. Mdomo wake anatafuna mawe. Nimemsikia kwa masikio yangu, kach, kach, kama mtu anayetafuna barafu. Nilielea juu yake mpaka Kamanda akaja kunivuta mguu, akidhani nimesinzia.

Kamera ilikuwa mkononi, kamba imefungwa, boya la njano linanifuata kama bata. Nakutumia picha, dada wa mapokezi amezihamisha. Ya kwanza ni kidole changu. Ya pili ni kidole changu. Ya tatu ni mkia wa mtu aliyechoka kunisubiri. Lakini tazama ile ya kitatange wawili wanaopishana, uone mistari yao inavyopita mpaka kwenye jicho. Nilikuwa najua mistari hiyo ipo. Sikujua kwamba inawafanya waonekane wanatabasamu.

Jioni nilikaa barazani nikachora kwa penseli za rangi alizoniletea mpishi kutoka kwa mwanawe. Wageni wakasogea. Kamanda alisimama nyuma yangu muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo hapa ni habari ya gazeti.

Mwambie baba yako sikuteleza. Maji hayana sakafu ya kuteleza.

Mkeo,
Bibi


Jumamosi, 16 Agosti

Mume wangu,

Salamu baadaye. Kamera imekunywa maji. Nimetoka baharini sasa hivi, nusu ya dirisha la kisanduku imejaa, yenyewe imelala humo kama mgonjwa kwenye beseni. Nifanye nini? Jibu upesi. Dada wa mapokezi amesimama na simu mkononi. Sijabonyeza kitu.

Bibi


Jumamosi, 16 Agosti

Bibi,

Umefanya vizuri kutobonyeza. USIIWASHE, hata kwa bahati mbaya, hata kama inakuonea huruma. Mwaga maji. Fungua mlango mdogo wa chini, toa betri, toa ile kadi ndogo ya picha. Chumvi ndiyo muuaji, siyo maji. Kwa hiyo, najua utashangaa, ichovye kamera kwenye maji safi ya kunywa, itikise taratibu, uyamwage. Na kadi vivyo hivyo. Ifute, iache wazi kivulini penye upepo. Usiianike juani. Usiizike kwenye mchele, watu watakushauri hivyo, mchele ni wa kula.

Kadi ikikauka kabisa, mpe dada wa mapokezi aijaribu kwenye kompyuta. Kamera niachie mimi.

Wewe mwenyewe mzima? Ulikuwa mbali na ufukwe? Niandikie.

Fundi


Jumatatu, 18 Agosti

Bibi, shikamoo,

Natumaini barua hii inakukuta na pumzi zako zote, kwani sisi zetu zimepungua. Jana tulikuwa stendi, mimi na baba. Alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Basi likashusha abiria wote, mpaka mama mwenye jogoo. Wewe hukushuka. Baba alipanda ndani akaangalia kiti kwa kiti, hata chini ya viti, kama anayetafuta mwavuli uliosahaulika.

Simu yako imezimwa. Dada wa mapokezi anajibu tu kwamba "bibi yupo, anakula vizuri." Kama ni kwa ajili ya kamera, bibi yangu, kamera ni chuma na plastiki. Nitaifufua tena. Nisingependa ukae huko kwa kuniogopa mimi.

Baba hajaenda kazini leo. Wewe unajua maana yake. Mhasibu mkuu, mtu aliyekwenda kazini na homa, leo amekaa sebuleni na funguo za chumba cha uani.

Jibu, tafadhali.

Mjukuu wako


Jumatano, 20 Agosti

Mume wangu,

Nisamehe. Mzima niko, na simu haikuzimika, niliizima. Niliogopa. Si wewe, wala kamera. Nilimwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikaona haya kukwambia.

Nianze na mgonjwa. Nilifanya kila ulichosema, mpishi akinishikia sufuria ya maji. Kadi ilikauka, ikafunguka, picha zote zimo, hata vidole, na dada anakutumia. Kilichotokea ni hiki: betri iliisha tukiwa ufukweni, nikafungua kisanduku kuibadilisha, upepo ukanivua kitambaa cha kichwa. Unywele mmoja ulianguka kwenye ule mpira. Mvi, mume wangu, mmoja tu, mwembamba usioonekana hata kwa miwani. Kamanda aliukuta umelala pale kama mtu aliyelala mlangoni pake. Bahari yote ikapita chini yake.

Lakini sikiliza picha ya mwisho ilivyopigwa. Nilikuwa naelea, nikaona kivuli kinapanda kutoka chini. Kasa. Mkubwa kama meza ya chai, ana uso wa mtu mwenye shughuli zake. Alipanda mpaka akawa ubavuni mwangu, akatoa kichwa nje. Nami nikatoa kichwa nje. Tukavuta pumzi pamoja, yeye yake, mimi yangu, tukatazamana. Halafu akashuka. Nikabonyeza. Nilipoinua kamera nikaona maji yanapanda dirishani, na nikukirie, kwa muda kidogo sikujali.

Sasa la pili. Kamanda ameniomba nibaki. Wageni wanaoshuka majini hawajui wanachokiona, wanarudi wanasema "nimeona wa njano." Anataka vibao vya plastiki vya kubeba mkononi, vyenye samaki wa hapa hapa na majina yao, kwa rangi zao za kweli. Mwenye nyumba ananipa chumba changu hiki na chakula mpaka nitakapomaliza. Nimemwambia Kamanda ndiyo, kabla hajamaliza kuuliza. Itachukua miezi, na nitaichukua yote.

Baba yako ni mtoto mwema. Alipokuwa mdogo akiniona nimebeba ndoo alikuwa anakimbia kushika mpini, hata kama mkono wake haufiki. Ndivyo alivyo mpaka leo. Lakini siwezi kukaa kwenye chumba cha rangi ya maziwa nikisubiri kutoanguka. Mwambie wewe. Mimi kila nikianza kumwandikia, kalamu inachora samaki.

Mkeo mwoga,
Bibi


Ijumaa, 22 Agosti

Mke wangu mwoga, shikamoo,

Nashukuru u mzima. Nimemwambia.

Nilimsubiri amalize chai. Nikamwonyesha picha kwanza, kwenye kompyuta ya dukani, kioo kikubwa. Alitazama kitatange. Alitazama pono, akauliza, "Huyu si alikuwa kahawia?" Nikasema, "Bibi anasema alikosea." Tukafika kwenye ile ambayo nadhani Kamanda ndiye aliyeipiga: wewe umelala juu ya maji, mikono umeitawanya, kanga yote ya jua imetandazwa mgongoni mwako. Aliitazama hiyo mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Halafu nikasema la kubaki. Bibi, aliwaka! "Mwanamke wa umri ule, peke yake, baharini, na wewe ndiye uliyempa kamera! Wewe ndiye uliyemfundisha karatasi ya chooni!" Fundi mwenzangu alijificha nyuma ya kabati. Mwisho baba akasema, "Kesho asubuhi nakwenda kumchukua. Na wewe unakuja kubeba mizigo."

Kwa hiyo tunakuja. Nakuonya kama mume. Amefungasha sanduku tupu la kutia nguo zako.

Mumeo,
Fundi


Jumamosi, 23 Agosti
(Imeachwa mapokezi)

Mume wangu, na wewe mwanangu,

Karibuni sana, poleni na safari. Natumaini basi halikuwachosha na kwamba mmekula.

Nawaomba radhi sikuwasubiri barazani. Maji yamekaa vizuri saa hizi na hayatanisubiri. Nipo upande wa kulia, penye boya jekundu, na Kamanda. Dada atawapa miwani na makoti ya boya, nimeshawachagulia. La mwanangu ni lile kubwa la machungwa.

Mwanangu, najua umekuja kunichukua. Njoo basi unichukue nilipo.

Vua viatu.

Mama yako, bibi yake


Jumapili, 7 Septemba

Mke wangu wa majini, shikamoo,

Hujambo na kazi? Vibao vimefika wapi? Tuko salama wote. Kamera imefufuka juzi, ingawa taa yake haikurudi, kwa hiyo itakuwa inapiga picha za mchana tu kama mstaafu. Nitakutumia kwa basi.

Nakuandikia yale usiyoyaona, maana yale ya pale ufukweni ulikuwepo. Bado nikifumba macho namwona baba akisimama mchangani na suruali yenye mstari wa pasi, ameshika miwani ya kuogelea kama ameshikishwa kitu cha mtu. Nawasikia wewe na Kamanda mkimwambia kwa pamoja, "Lala!" na yeye akijibu, "Silali, naangalia!" Halafu akalala. Mgongo wa machungwa juu ya maji, na bomba linapumua. Nilikuwa nimejiandaa kumwokoa, nikajikuta namsubiri mpaka jua likaniunguza shingo.

Kwenye basi alikaa na sanduku tupu mapajani. Tukafika nusu ya njia. Mara akaniuliza taratibu, abiria wasisikie:

"Yule mwenye mistari. Uliona alivyonitazama?"

"Nilimwona."

"Alinitazama machoni, mwanangu. Kama ananijua." Akageukia dirishani. "Na mama yangu alikuwa ananishika mkono. Mimi ndiye niliyekwenda kumshika."

Tulipofika, alipitia chumba cha uani, akafungua mlango, akakaa humo kidogo. Asubuhi mama akaambiwa ahamishie humo cherehani yake, ambayo miaka yote imekuwa ikikaa sebuleni ikigombana na televisheni. Ameimba siku nzima. Vyuma vya bafuni baba hajaving'oa. Anasema utakuja kutembea, naye hatakuomba ruhusa ya kuviacha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu wiki iliyopita baba alikuwa anachelewa kurudi kutoka kazini, yeye ambaye tulikuwa tunasawazisha saa kwa hatua zake. Mama akaanza kununa. Mke mwenzako akanong'ona, "Nenda ukaangalie kabla mama yako hajaenda mwenyewe." Nikamfuata. Akapita benki, akapita sokoni, akaingia kwenye ile shule yenye bwawa la kuogelea. Nikachungulia uzioni.

Bibi, anasoma. Anasoma kuogelea na wanafunzi wa darasa la kwanza, kwa kuwa darasa la watu wazima halipo. Amesimama mstarini, mkubwa kama mnara, mbele yake kitoto chenye meno mawili, nyuma yake kitoto kingine kinamsukuma kiuno, "Mzee, zamu yako, usiogope." Mwalimu akampa boya la povu lenye umbo la bata. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia. Akapiga mateke hadi ng'ambo, maji yakiruka, watoto wakishangilia kama wako kwenye mpira.

Nikarudi nyumbani mbio, nikanyamaza. Alipofika, nywele mbichi, mama akauliza, "Mvua imenyesha wapi?"  Baba alifungua mkoba wa kazini, katikati ya mafaili akatoa nyota ya karatasi ya dhahabu, imeandikwa kwa kalamu ya mwalimu: *Amepuliza mapovu vizuri.* Akaibandika kwenye mlango wa friji, akainyoosha kona kwa kidole gumba, akasogea nyuma kuitazama.

Mumeo,
Fundi